Mguu Mmoja Kabla ya Wakati: Mahali pa Kusimama Katika Mpira wa Kikapu

Katika milima ya Kisii na Nyamira hakuna mtu asiyejua maana ya mpaka. Mashamba yetu ni madogo na watu ni wengi. Kwa hiyo mtoto hufundishwa mapema kwamba jembe halivuki ua wa jirani, hata kama upande wa pili hakuna anayelima. Walakini watu hao hao, wakienda kutazama mpira wa kikapu siku ya Jumamosi, hushangaa wamwonapo refa akipiga firimbi kwa sababu ya mguu mmoja uliovuka mstari kabla ya wakati wake. Husema, “Refa ameonea.” Makala haya nayaandika ili kuwaeleza wasomaji kwamba aghalabu refa hakuonea, na kwamba sheria ya mahali pa kusimama wakati wa mtupo huru ni sheria ya mpaka na ya zamu, tena ina haki ndani yake. Nami naieleza nikiwa mtu aliyekwisha kuaibika kwa kutoijua.

Siku moja nilialikwa kukaa kwenye meza ya maandishi, kazi yangu ikiwa kuandika alama. Mchezo ulikuwa baina ya shule mbili, moja ya upande wa Kisii na moja ya upande wa Nyamira, katika uwanja usio mbali na mji wa Keroka. Wasomaji wa huko wanajua kwamba Keroka umekaa juu ya mpaka wa kaunti hizo mbili, hata serikali zake zimewahi kuvutana juu ya ukusanyaji wa ushuru mjini humo. Basi mchezo wowote baina ya pande hizo hautazamwi kwa moyo baridi. Watu walijaa pande zote, wengine wametoka kuchuma majani ya chai, na vikapu vyao wameviweka chini.

Zilibaki sekunde 4. Wenyeji walikuwa na alama 38, wageni 37. Kijana mmoja wa wageni alichezewa rafu alipokuwa akitupa mpira kikapuni, naye akapewa mitupo huru miwili. Kila mtupo ukiingia ni alama 1. Wa kwanza uligonga pete ukatoka. Wa pili ulipokuwa bado mikononi mwake, mwenzake mmoja mwenye miguu mirefu, aliyesimama pembeni, alikwisha ingia ndani ya eneo lililokatazwa. Mpira ukagonga pete, ukarudi, yule kijana akaudaka na kuutia kikapuni. Wageni walipiga kelele za shangwe, na mimi, bila kungoja, nikaandika alama 2. Wageni 39, wenyeji 38.

Kumbe refa alikuwa amepiga firimbi zamani, ila haikusikika kwa kelele. Alikuja mezani akaniambia niyafute niliyoyaandika, kwa maana kikapu kile hakihesabiwi. Nikafuta. Wenyeji wakapewa mpira wautie uwanjani, sekunde zikaisha, na mchezo ukamalizika 38 kwa 37.

Ndipo watu walipoizunguka meza. Mzee mmoja, mkulima mwenye heshima zake, ambaye mjukuu wake ndiye yule kijana wa miguu mirefu, aliniuliza kwa sauti ya upole iliyoniumiza kuliko matusi: “Bwana Karani, wewe uliona mpira umeingia, nasi tuliona umeingia. Mbona umefuta? Kalamu yako imekula nini?” Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba refa ameamua, lakini sikujua sababu yake. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa kama ushahidi wa hila. Lau walimu wa shule zote mbili wasingalisimama katikati, siku ile ingaliharibika kabisa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini nilijifunza kwamba hata daftari lenyewe halifai kitu likishikwa na mtu asiyejua sheria ya kile anachokiandika.

Usiku ule niliomba kitabu cha sheria kwa mwalimu mmoja nikakisoma mpaka mwisho. Yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

ASILI YA MTUPO HURU

Mpira wa kikapu ulianzishwa mwezi wa Desemba mwaka 1891 na mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, James Naismith, katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Marekani. Alitaka mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba wakati wa baridi. Akapigilia vikapu viwili vya matunda kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni, akaandika sheria 13. Katika sheria hizo hapakuwa na mtupo huru. Upande mmoja ukifanya makosa matatu mfululizo, upande wa pili ulipewa bao bure.

Baada ya miaka michache ilionekana kwamba si haki kumpa mtu bao bila kulifanyia kazi. Mwaka 1894 ukachorwa mstari wa kutupia mpira bila kuzuiwa na mtu, umbali wa futi 20, na mwaka uliofuata mstari huo ukasogezwa mpaka futi 15. Umbali huo haujabadilika sana tangu wakati ule, kwa maana hata leo, katika sheria za chama cha dunia kiitwacho FIBA, kilichoundwa mwaka 1932, mstari wa mtupo huru uko mita 4.60 kutoka usawa wa ubao. Hapo zamani kila timu iliweza kumweka fundi mmoja wa kutupa mitupo yote. Lakini tangu mwaka 1924 yule aliyechezewa rafu ndiye anayepaswa kutupa mwenyewe.

Sasa tazameni shida iliyobaki. Mtupaji amesimama peke yake, hakuna anayemzuia. Lakini wachezaji wengine tisa wakae wapi? Wakiachwa wasimame watakapo, warefu wote watajikusanya chini ya kikapu, watasukumana kwa mabega, na mpira ukirudi patakuwa na vita badala ya mchezo. Ndiyo sababu eneo lililo mbele ya kikapu lilichorwa mistari, na mistari hiyo imekuwa ikipanuliwa kadiri wachezaji walivyozidi kuwa warefu. Huko Marekani, katika mashindano ya wachezaji wa kulipwa, eneo hilo lilikuwa na upana wa futi 6. Mwaka 1951 likafanywa futi 12 kwa sababu ya jitu moja liitwalo George Mikan, na mwaka 1964 likafanywa futi 16, siku za Wilt Chamberlain.

NAFASI TANO ZA PEMBENI

Kwa sheria za FIBA, ambazo ndizo zinazofuatwa Kenya, eneo hilo ni mstatili wenye upana wa mita 4.90, nao huanza kwenye mstari wa mwisho wa uwanja mpaka mstari wa mtupo huru, urefu wa mita 5.80. Kandokando ya mistari yake miwili mirefu huchorwa alama fupi zinazogawa nafasi za kusimama. Nafasi hizo ni kama vitalu vidogo vya shamba, na kila kitalu kina mwenyewe.

Wanaoruhusiwa kusimama hapo hawazidi watano: watatu wa upande unaojilinda, na wawili wa upande wa mtupaji. Hupangwa kwa kupishana. Nafasi ya kwanza, iliyo karibu zaidi na kikapu, huku na huku, ni ya wanaojilinda. Nafasi ya pili, huku na huku, ni ya wenzake mtupaji. Nafasi ya tatu, upande mmoja tu, ni ya mtu wa tatu wa wanaojilinda. Baina ya nafasi ya kwanza na ya pili pana kipande kidogo kisicho na mwenyewe, ambacho hakuna ruhusa ya kukikanyaga. Kwa kwenda nyuma, kila nafasi huhesabiwa kuwa na kina cha mita 1.

Wachezaji wanne wanaobaki, wawili wa kila upande, hapana budi wakae nyuma ya usawa wa mstari wa mtupo huru, na tena nyuma ya mstari wa alama tatu. Hawana haki ya kujiongeza pembeni kwa sababu wanaona pana nafasi tupu. Nafasi isipochukuliwa na mwenyewe, huachwa tupu. Hili si jambo geni kwetu. Shamba la jirani likilala bila kulimwa mwaka mzima, hatulilimi.

Pengine msomaji atauliza, “Kwa nini wanaojilinda ndio wapewe nafasi iliyo bora, hali wao ndio waliofanya rafu?” Jibu naliona hivi. Mtupaji amekwisha kupewa fidia yake, nayo ni kutupa bila kuzuiwa na mtu. Kama wenzake wangalipewa pia nafasi ya karibu na kikapu, basi fidia ingalikuwa mbili kwa kosa moja. Sheria humlipa aliyeonewa, lakini haimpokonyi mwenziwe haki yake yote.

Pana hali nyingine ambayo hakuna mtu anayesimama pembeni hata mmoja. Ikiwa mitupo imetolewa kwa kosa la utovu wa adabu, au kosa jingine ambalo baada ya mitupo upande ule ule hupewa mpira, wachezaji wote isipokuwa mtupaji hurudi nyuma ya mistari niliyoitaja. Hapo hakuna mpira wa kugombewa, kwa hiyo hakuna haja ya kujipanga.

WAKATI WA KUINGIA

Mahali pakiisha kujulikana, hubaki wakati. Hapa ndipo vijana wetu wengi hukosea, tena hukosea kwa pupa, si kwa ubaya.

Waliosimama katika nafasi za pembeni wasiingie eneo lililokatazwa, wala wasikanyage kile kipande kisicho na mwenyewe, wala wasiiache nafasi yao, mpaka mpira utoke mikononi mwa mtupaji. Ukiisha kutoka, wana ruhusa ya kuingia, lakini wasiuguse mpira kabla haujagonga pete. Wale wanne wa nyuma wao husubiri zaidi: hawasogei mpaka mtupo umekwisha, yaani mpira umegonga pete, au umeingia, au imekuwa dhahiri kwamba hautaingia.

Mtupaji mwenyewe amefungwa kwa sheria kali kuliko wote. Husimama nyuma ya mstari, ndani ya nusu duara. Refa akiisha kumpa mpira, ana sekunde 5 za kuutupa. Haruhusiwi kujifanya anatupa kisha akazuia mkono ili kuwalaghai wengine. Wala haruhusiwi kukanyaga mstari au kuingia ndani mpaka mpira uingie kikapuni au uguse pete. Nao wapinzani wake hawaruhusiwi kumsumbua kwa vitendo vyao anapotupa.

ADHABU NA HAKI YAKE

Sasa turudi kwenye mchezo wa Keroka, tuupime kwa sheria.

Kwanza, ilivyotokea hasa. Mwenzake mtupaji aliingia mapema, na mtupo wa mwisho haukuingia. Adhabu yake ni kwamba mpira umekufa papo hapo, nao hupewa wapinzani wautie uwanjani kutoka pembeni, kwenye usawa wa mstari wa mtupo huru. Kikapu alichotia yule kijana baadaye si kikapu, kwa maana mchezo ulikuwa umekwisha kusimamishwa. Refa hakukosea.

Pili, lau mpira ule wa pili ungaliingia moja kwa moja, ingalikuwaje? Watu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, hudhani alama ingalifutwa kwa sababu ya mguu wa mwenzake. Sivyo. Mtupo ukiingia, kosa la mtu mwingine asiyekuwa mtupaji halihesabiwi, na alama hubaki. Ingalikuwa 38 kwa 38. Lakini kama mtupaji mwenyewe ndiye aliyekosa, alama yake haihesabiwi hata mpira ukiingia.

Tatu, lau aliyeingia mapema angalikuwa mchezaji wa wenyeji, na mtupo usiingie, mtupaji angalipewa mtupo mwingine badala ya ule. Na nne, lau wangaliingia mapema watu wa pande zote mbili, ingalihesabiwa kuwa mpira wa kugombewa, na mwenye kuupata angaliamuliwa na mshale wa zamu ulioko mezani, unaoonyesha ni upande gani wenye haki ya kupewa mpira safari ile.

Yapasa kukumbuka vilevile kwamba katika mtupo wa kwanza kati ya miwili, mwenzake mtupaji akiingia mapema na mpira usiingie, mchezo huendelea na mtupo wa pili, kwa sababu hapakuwa na mpira wa kugombewa. Sheria humwadhibu yule aliyejipatia faida kwa hatua yake; mwenziwe asiyepata kitu hana cha kurudisha.

Wengine watasema kwamba haya ni mambo madogo ya kupimana nyayo. Nawajibu kwamba mchezo huu huamuliwa na alama moja. Mwezi wa Februari mwaka 2021, mjini Yaoundé, timu ya taifa ya Kenya iliishinda Angola alama 74 kwa 73, kwa mtupo wa dakika ya mwisho kabisa wa Tylor Okari Ongwae, na kwa alama hiyo moja Kenya ikarudi katika mashindano ya bara la Afrika ambayo haikuwa imeyacheza tangu yalipofanyika Nairobi mwaka 1993. Penye alama moja yenye uzito kiasi hicho, mguu mmoja si jambo dogo.

MPAKA USIOCHORWA

Nikiisha kuyasoma hayo, nilikwenda kumtazama yule mzee nyumbani kwake. Nilichukua kitabu, kwa sababu sikutaka anisadiki mimi. Nilitaka asadiki sheria. Tulikaa chini ya migomba, nikamchorea uwanja ardhini kwa kijiti, nikaweka mawe madogo badala ya wachezaji. Alisikiliza kwa makini. Nilipokwisha, hakusema kwamba amekubali wala kwamba amekataa. Aliuliza jambo moja tu: “Pale uwanjani, vitalu hivi vilichorwa?”

Nikakumbuka, na uso ukanishuka. Havikuchorwa. Palikuwa na mstari wa mtupo huru, na ile mistari ya kandokando, basi. Tena ile ya kandokando ilikuwa ya zamani. Wasomaji waliocheza zamani watakumbuka kwamba tangu mwaka 1956 FIBA iliagiza eneo lile lichorwe kwa kutanuka kuelekea kikapuni, upana wa mita 3.60 juu na mita 6 chini. Mtindo huo ulitumika mpaka mwaka 2010, ulipobadilishwa kuwa mstatili. Viwanja kadha nilivyoviona katika wilaya zetu vina mistari ile ya kale hata leo, na vingine vina ya kale na mipya pamoja, moja juu ya nyingine, hata mtoto hajui afuate upi.

Mzee akasema, “Basi mjukuu wangu alikosa, sikatai. Lakini mpaka usiochorwa huleta vita. Nani alikuwa na kazi ya kuuchora?”

Nimelifikiri swali hilo mara nyingi. Refa alikuwa na haki, kwa maana mguu wa kijana uliingia ndani ya mstari uliokuwapo, na wakati wa kuingia haukuhitaji kuchorwa. Walakini sisi wakubwa tulimpeleka mtoto uwanjani bila alama za kumfundisha miguu yake, tukaketi mezani bila kuisoma sheria, kisha tukashangaa watu walipokasirika. Kijana yule alikuwa mrefu kuliko wote waliokuwa pembeni. Lau angalisubiri kufumba na kufumbua, mpaka mpira utoke mkononi mwa mwenzake, huenda angaliudaka vilevile, na alama zake mbili zingalibaki katika daftari langu.

Kwa hiyo naomba walimu na wazazi wa Kisii na Nyamira wafanye kazi hii ndogo kabla ya michezo ijayo. Vifaa vyake ni utepe wa kupimia, kamba, na kopo la rangi, au chokaa kama uwanja ni wa udongo. Pimeni kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho mita 1.75, hapo ndipo nafasi ya kwanza inapoanza. Nafasi ya kwanza ni mita 0.85. Kisha acheni mita 0.40, kipande kisicho na mwenyewe. Kisha nafasi ya pili, mita 0.85, na ya tatu, mita 0.85. Fanyeni hivyo huku na huku. Mistari ya kale ifuteni kabisa, kwa maana mipaka miwili katika shamba moja ni mibaya kuliko kutokuwa na mpaka. Nanyi mtakaoitwa kukaa mezani, isomeni sheria kabla ya kushika kalamu, ili mtu akiwauliza mbona mmefuta, muwe na neno la kumwambia.

Katika uwanja ule wa Keroka kazi hiyo imekwisha kufanyika. Walimu walinunua rangi, na Jumamosi moja wanafunzi wa shule zote mbili wakaja kuchora. Aliyeshika mwisho wa utepe, pale chini ya kikapu, alikuwa yule kijana wa miguu mirefu. Babu yake alisimama kando akitazama, na kila alama ilipochorwa aliikanyaga kwa upole, kama afanyavyo mtu anayekagua mpaka wa shamba lake.